The Eagle of the Ninth: riwaya ya Rosemary Sutcliff kwa vijana

Nimeipata kwenye vitabu vya mitumba hapa Moshi, karibu na stendi, kwa shilingi 5,000. Jalada limechakaa, kurasa zote zipo. Ilitoka mwaka 1954.

Marcus ni akida kijana wa Kirumi aliyepangiwa ngome ndogo Uingereza, pembezoni mwa dola. Wenyeji wanavamia, mguu wake unavunjika, ujeshi unaishia hapo. Baba yake alipotelea kaskazini pamoja na Legioni ya Tisa, kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi. Basi Marcus anajifanya mganga wa macho na kuvuka ukuta wa Kaisari Hadrian, ulioanza kujengwa mwaka 122, kwenda kuitafuta sanamu ya tai, nembo ya heshima ya legioni hiyo. Anafuatana na Esca, mtumwa Mwingereza ambaye Marcus amemwacha huru.

Esca ndiye anayekibeba kitabu. Kuna mahali anamwonyesha Marcus ala ya jambia la Kirumi na ngao ya Waingereza. Michoro ya ala imebanana na kupangwa kwa ulinganifu, inajirudia ileile. Ya ngao inapinda na kujikunja, haina kona. Sasa aliyetengeneza ngao hii, anasema Esca, hawezi kuishi kwa raha chini ya utawala wa aliyetengeneza ala ile. Nimefundisha historia hadi kustaafu, na utawala wa kigeni sijauona ukielezwa hivyo kwenye kitabu chochote cha kiada.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili alipofika pale Marcus anapomchukua tai kutoka patakatifu pa watu wa kaskazini, aliniuliza: "Babu, hapa mwizi ni nani?" Kwao ni Old Moshi, Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, mwaka 1900, na ukoo bado unakitafuta kichwa chake. Sutcliff halijibu swali hilo. Yuko upande wa Marcus, na hapo namnyima nyota moja.

Wasichana nao wamesahauliwa: Cottia, msichana jirani, anaonekana kidogo tu. Halafu mwambieni mtoto kwamba wanahistoria wengi sasa wanatilia shaka hadithi ya legioni kupotelea kaskazini, maana alama zake zimepatikana Nijmegen, Uholanzi. Tai aliyemsukuma mwandishi yupo kweli: sanamu ya shaba isiyo na mabawa, ilichimbuliwa Silchester, Uingereza, mwaka 1866.

Kiingereza chake kigumu, hasa anapoelezea mandhari. Sisi tulikuwa tukiruka.

Baada ya hiki kuna The Silver Branch, kisha The Lantern Bearers. Hicho cha tatu sijakipata. Mwenye nacho Moshi au Arusha aniambie bei.