Uzoefu wangu: kumpima kwotabeki kwa alama ya NFL, na kwa nini ANY/A haikosi pembeni

Alama ya wapasi ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani), ile ambayo kilele chake ni 158.3, naipa nyota 3 kati ya 5. Nimeitumia misimu mingi kulinganisha makwotabeki, wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi, na bado naifungua kwanza, maana inapima vizuri mpira uliokwisha kutoka mkononi. Ila kwotabeki ana kazi nyingine kabla mpira haujamtoka, na hapo alama hii haioni kitu.

Ilianza kutumika 1973 na inahitaji namba tano tu: pasi zilizojaribiwa, zilizodakwa, yadi, tachidauni (pasi zilizozaa bao katika eneo la mwisho la mpinzani), na pasi zilizonaswa na wapinzani. Gawa kila moja ya zile nne kwa majaribio. Udakaji unautoa 0.3 na kuzidisha kwa 5. Yadi unazitoa 3 na kuzidisha kwa 0.25. Tachidauni unazidisha kwa 20. Zilizonaswa unazidisha kwa 25, kisha unaondoa jibu kwenye 2.375. Jumlisha sehemu zote nne, gawa kwa 6, zidisha kwa 100.

Kabla ya kujumlisha, kila sehemu lazima ibaki kati ya 0 na 2.375. Majedwali mengi ya Excel huharibikia hapa: mtu anaweka kikomo kwenye jumla, au anakisahau kabisa. Weka MIN na MAX kwenye kila sehemu peke yake. Kosa lingine ni kuandika udakaji 68.3 badala ya 0.683, sehemu hiyo inagonga kikomo kwa kila mchezaji na usipokuwa makini hutagundua. Na usichanganye na alama ya vyuo: NCAA wana kanuni yao isiyo na vikomo, na namba zao huwa kubwa zaidi.

Jaribu jedwali lako kwa Aaron Rodgers wa 2011: pasi 343 zilidakwa kati ya 502, yadi 4,643, tachidauni 45, zilizonaswa 6. Unapaswa kupata sehemu za 1.916, 1.562, 1.793 na 2.076, na jibu 122.5. Ukikosa hata kwa pointi moja, rudi ukague kanuni hatua kwa hatua.

Sasa angalia bei za vitu. Gawa vile vizidisho kwa 0.25 utaona kila kitu kina thamani ya yadi ngapi: tachidauni 80, kunaswa 100, na pasi kudakwa tu, hata kama haikusogea popote, 20. Hiyo 20 ndiyo inayonikera. Ikiwa ni dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira) na zinatakiwa yadi 10, pasi fupi ya yadi 4 inapandisha udakaji wa kwotabeki, halafu timu inapiga mpira na kumkabidhi mpinzani. Hata pasi iliyodakwa ikapoteza yadi 5 inahesabiwa bora kuliko mpira uliotupwa nje kwa busara.

Kwotabeki kuangushwa akiwa bado na mpira mkononi hakumo kabisa kwenye alama ya NFL. Kwa ajili hiyo natumia ANY/A (wastani wa yadi kwa kila jaribio, uliorekebishwa), ambayo naipa nyota 4. Chukua yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa na yadi zilizopotea kwa kuangushwa. Gawa kwa majaribio pamoja na mara alizoangushwa. Hapa chini ya mstari ndipo watu husahau: wanatoa yadi lakini hawaongezi idadi ya kuangushwa kwenye kigawanyo, na jibu linavimba.

Tofauti inaonekana wazi ukimweka Peyton Manning wa 2004 kando ya Rodgers huyo wa 2011. Manning: 336 kati ya 497, yadi 4,557, tachidauni 49, zilizonaswa 10. Alama yake ni 121.1, yuko nyuma. Lakini Rodgers aliangushwa mara 36 akapoteza yadi 219. Manning mara 13 tu, yadi 101. ANY/A inampa Manning 9.78 na Rodgers 9.39. Mpangilio umegeuka. Mimi nasimama na ANY/A, kwa sababu kuachia mpira mapema ni ustadi wa kwotabeki mwenyewe, si wa ukuta wa wachezaji wanaomlinda peke yao.

Kwa mechi moja moja alama ya NFL iogope. Kwenye majaribio 20, kikomo cha tachidauni kinafikiwa kwa 2.375, kwa hiyo ya tatu inahesabiwa nusunusu na ya nne haiongezi chochote kwenye sehemu yake. Vivyo hivyo pasi ya tatu kunaswa haimwadhibu tena. Na mtu aliyetupa mipira yote chini bila kunaswa hata mmoja anaondoka na 39.6! Mimi sipangi mtu kwenye orodha ya msimu bila wastani wa majaribio 14 kwa kila mechi ya timu yake, kiwango kilekile cha NFL.

Usilinganishe enzi pia. Kanuni ilipotungwa, kiwango cha kati kilikuwa 66.7, siku hizi wastani wa ligi ni karibu 90. Joe Namath ana 65.5 kwa maisha yake yote ya uchezaji na yumo kwenye Jumba la Mashujaa. Kwa wazee kama yeye tumia safu zenye alama ya kujumlisha (+) za tovuti ya takwimu ya Pro-Football-Reference, ambako 100 ndiyo wastani wa zama zake.

Mbio hazimo katika kipimo chochote kati ya hivi viwili. Lamar Jackson alikimbia yadi 1,206 mwaka 2019 na hakuna hata moja inayoonekana humo. Kwa mchezaji wa aina hiyo naongeza QBR, kipimo cha makwotabeki cha kituo cha michezo cha ESPN, iliyoanza 2011 na inayokwenda 0 hadi 100. Inahesabu miguu na kuangushwa pia, lakini huwezi kuikokotoa upya kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo naiweka safu ya mwisho.