Titanic au The Notebook: ipi inaeleza tabaka vizuri zaidi?

Mtazamaji wa Nairobi, anayejua kwamba Muthaiga ya matajiri na Mathare ya maskini ni majirani wasioamkiana, atazitazama filamu hizi mbili kwa makini. Titanic ya James Cameron (1997) inaonyesha tabaka kwa sakafu za meli: Rose yuko daraja la kwanza, mpenzi wake Jack la tatu, na hata nafasi katika mashua za uokoaji zinafuata mpangilio huo. The Notebook (2004) haina fahari hiyo, lakini naiona inachoma zaidi, kwa sababu mamake Allie, msichana wa familia tajiri, anazificha barua 365 ambazo mpenzi wa Allie, Noah, kijana wa kiwanda cha mbao, anamwandikia, akiamini kwamba anamlinda bintiye. Titanic inapita saa tatu. Ya pili ni kama mbili, nami ningeanza nayo.