Vifuniko halisi vya rimu za Corolla za zamani: uanze na kipi

Vifuniko vingi vya asili vya Corolla 100 na 110 havitengenezwi tena. Vilivyopo sokoni, iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, vimetoka kwenye magari yaliyokatwa au kwenye stoo za zamani. Kabla ya kutoka nyumbani soma ubavu wa tairi: R13 au R14 ndiyo saizi ya rimu, na kifuniko cha 14 hakikai kwenye 13.

1. Seti ya mtumba kutoka gari moja. Hii ndiyo tunayoiweka juu, hata ikiwa na mikwaruzo. Geuza kila kifuniko. Mgongoni kuna meno ya plastiki yanayoshika ringi ya waya, nayo imepindwa sehemu moja kupisha vali. Uso hupakwa rangi ukapendeza, lakini jino likikatika ndiyo basi: gundi huachia kwa joto la breki, na kifuniko kinabaki barabarani kwenye tuta. Binya kila jino kwa kidole gumba. Jino zima hupinda kidogo na kurudi, lililokauka hutoa mstari mweupe kwenye shina. Kagua pia nyufa pembeni mwa tundu la vali. Ukikuta rangi imefunika mpaka namba za mgongoni, kuna kinachofichwa.

2. Kipya kilichobaki stoo bila kutumika. Kwa ubora hakina mpinzani, ila kwa kawaida utakuta kimoja au viwili, na mng'ao wake hautalingana na vile vya zamani vilivyofifia. Namba za vipuri za Toyota mara nyingi huanza na 42602 au 42621 kwa kifuniko kizima, 42603 kwa kile kidogo cha katikati ya rimu ya aloi. Linganisha tarakimu zote, si tano za mwanzo tu.

3. Kuagiza Japani. Dai picha ya mgongo. Kwa kifuniko cha katikati, pima kwa vernia (kipimo cha milimita chenye taya) kutoka klipu hadi klipu, yaani meno ya mgongoni, maana wauzaji wengi hutaja upana wa uso. Tofauti ya milimita 2 inatosha kukifanya kisishike.

4. Kopi. Ni za kuvukia tu.

Ukipata kifuniko cha tano cha seti hiyo hiyo, kichukue kiwe cha akiba. Kufunga, linganisha tundu na vali kwanza, kisha gonga kwa kiganja kuzunguka, usitumie nyundo. Kutoa, achia kidogo kidogo pande zote. Bisibisi ikilazimishwa sehemu moja ndiyo inayokata meno.