Vikaratasi vya kupimia metali nzito: nyota mbili, na soma kwanza kabla hujaagiza

Niliagiza mtandaoni vile vikaratasi vya kupimia metali nzito, kichupa kina 50, lebo inasema vinapima risasi, zebaki, kadimiamu na ndugu zao "kwenye maji na chakula". Sie tunakaa karibu na machimbo, vumbi linatua mpaka kwenye mboga bustanini, nikaona hiki ndo chenyewe.

Kwa maji sina ugomvi sana, unachovya, unalinganisha rangi na chati, imeisha. Ila iangalieni chati vizuri jamani, rangi ya kwanza ya risasi inaanzia maikrogramu 20 kwa lita wakati WHO kwenye maji ya kunywa wanasema 10, yaani maji yanaweza kuwa yameshapita kikomo na kikaratasi kimekausha tu, rangi haibadiliki.

Chakula ndo wametuuzia mbuzi kwenye gunia. Nilisaga mboga za majani kwenye blenda na maji, nikachuja, nikachovya, hola, tukala wiki nzima mimi na watoto. Afu roho haikutulia nikapeleka maabara mifuko miwili, tuta lile lile, mmoja nimeosha mara tatu mwingine na vumbi lake. Ule wa vumbi risasi ilipita 0.3 mg kwa kilo ya Codex (vile viwango vya kimataifa vya chakula), ulioshwa ikashuka vizuri tu, lakini kadimiamu mifuko yote miwili iko juu ya kikomo chake cha 0.2 wala haijatikisika! Dada wa maabara akanambia risasi nyingi ilikuwa vumbi la juu ya jani, kadimiamu mmea wenyewe unaivuta kwa mizizi, osha mpaka uchoke, na kuchemsha hakusaidii maana si kijidudu kwamba kitakufa. Na juisi yangu ya blenda (alicheka kidogo) kazi bure, metali imeng'ang'ania kwenye nyuzi za mboga, wao wanakausha, wanasaga unga, wanaichemsha na asidi ya naitriki ndo wanapima.

Kinachoniudhi ni lile neno chakula kwenye lebo. Kadimiamu ikiingia kwenye figo inachukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu, na risasi kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 walikufa watoto mamia kwa vumbi lenye risasi la mawe ya dhahabu yaliyokuwa yanasagwa majumbani.

Muuzaji nimemwandikia, kajibu "asante kwa maoni". Vimebaki kama 30, nachovya kwenye maji ya kisima mvua ikinyesha, kikibadilika rangi najua hali ni mbaya kweli, kisipobadilika sijajua kitu.