Kahawa Baridi ya Waridi na Iliki: Ununue Nini, na Kipi Kitangulie

Wengi wanaotaka kutengeneza kahawa hii nyumbani huanza kwa kuulizia mashine. Mashine haina kazi hapa. Ladha ya kahawa baridi yenye waridi na iliki inaamuliwa na kichupa cha marashi, yaani maji ya waridi, kwanza, kisha iliki, kisha kahawa yenyewe, na ningependa pesa zako zifuate mpango huohuo. Sababu ni barafu. Harufu hupanda puani kwa msaada wa joto, kwa hiyo kinywaji kikipoa sana nyingi hubaki glasini. Kahawa ya moto hubeba hata marashi dhaifu, lakini ya baridi haiyabebi. Na marashi ya bandia yakiingia kwenye baridi ndiyo hujitokeza kabisa: unahisi sabuni kabla hujaihisi kahawa.

Kwa watu wa pwani mchanganyiko huu si mgeni. Halua ya Unguja na Pemba hupikwa kwa iliki, zafarani na marashi, na huliwa kwa kahawa chungu. Oman, iliki hutiwa ndani ya kahawa yenyewe, na nyumba nyingi huongeza tone la marashi. Hapa tunapunguza joto tu. Ndiyo maana karibu kila kitu utakipata Darajani, Kariakoo au Marikiti ya Mombasa, na ukiwa London, maduka ya Waarabu ya Edgware Road yanatosha.

Marashi, kuanzia ninayoyapendelea zaidi

1. Marashi ya kupikia ya Lebanon au Iran, kwenye chupa ya kioo. Haya hupatikana kwa kuchemsha mawaridi na kukusanya mvuke wake. Ni maangavu kama maji, harufu yake imesimama, na bei yake inavumilika. Iran, eneo la Kashan na mji wa Qamsar limejulikana kwa kazi hii kwa karne nyingi, na msimu wa kuchuma maua huko ni Mei. Soma lebo kabla ya kulipa: viambato viwe maji na waridi, basi. Ukikuta rangi, sukari au neno lolote la ladha ya kutengenezwa kiwandani, rudisha chupa. Muuzaji akikuruhusu kuonja, dondosha tone moja kiganjani, sugua, subiri kidogo. Marashi ya kweli hukauka bila kunata, na harufu hupungua taratibu ikibaki ya ua. Ya bandia hukukaba pua mwanzoni, kisha huacha kitu kikali kisichotoka hata ukinawa.

2. Marashi ya Jabal Akhdar, Oman. Kwa heshima na kwa historia haya yangekuwa ya kwanza. Kule mlimani maua huchumwa kati ya mwisho wa Machi na Mei, jua likiwa bado halijakolea. Kwa njia ya wazee hutiwa kwenye vyungu vilivyopangwa ndani ya jiko la udongo, na juu huwekwa bakuli la shaba lenye maji baridi. Mvuke ukigonga shaba hugeuka maji na kudondoka chini. Marashi yanayotoka hapo huwa na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi, na moshi huo ndio utamu wake kwenye kahawa ya moto isiyo na maziwa. Kwenye kahawa baridi moshi huo hukaa vizuri na kahawa kavu, yaani isiyo na maziwa, lakini ukitia maziwa huleta uzito usiopendeza. Siku hizi mitambo ya kisasa nayo inatumika huko na hutoa marashi maangavu yasiyo na moshi, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya aina gani. Bei yake ni mara kadhaa ya yale ya Lebanon. Kama una ndugu Maskati, mwombe akuletee chupa moja, na uitunze kwa ajili ya wageni.

3. Mawaridi makavu. Nunua yanayouzwa kwa chakula au chai, usinunue ya mapambo, maana ya mapambo yanaweza kuwa yamepuliziwa dawa. Harufu yake ni ya upole na yana ukakasi kidogo. Yanafaa kuchemshwa ndani ya shira, ila peke yake hayatoshi kwenye barafu.

4. Sharbati nyekundu ya waridi. Ni sukari, rangi, na waridi kidogo. Inaleta rangi nzuri kwenye glasi ya maziwa, lakini utamu wake hauna kipimo, na kahawa hupotea humo. Ukiinunua, usitie shira tena.

5. Arki ya waridi, yaani kiini kikali cha ladha ya waridi. Tone moja linatosha jagi zima; la pili limeharibu. Kwa keki sina neno nayo. Kwa kahawa, inunue pale tu ambapo hakuna kingine.

Marashi ya vipodozi, yale ya kupaka usoni yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya urembo, hayamo kwenye orodha kabisa. Mengi yana gliserini na vihifadhi, na hayakutengenezwa kwa kunywewa. Dukani useme wazi kuwa unataka marashi ya kupikia, maana chupa hizi mara nyingi hukaa rafu moja na hufanana.

Kuhusu maua mengine: maji ya maua ya mchungwa ndiyo mbadala wa kweli wa waridi, na kwa kahawa kavu yenye barafu mimi huyaona mazuri sawa na waridi. Walebanoni wana kinywaji wanachokiita kahawa nyeupe, ambacho ni maji ya moto na maji ya maua ya mchungwa tu, bila kahawa ndani. Asumini inafaa kama una mti wake uani na hujawahi kuupulizia dawa: tupia maua machache juu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, funika usiku kucha, asubuhi yatoe, kahawa uiloweke kwa maji hayo. Asumini za vikuba za sokoni ziache zibaki kwenye nywele. Mafuta ya langilangi ni ya kujipaka, usiyanywe. Choya ni ua zuri la juisi, lakini ukali wake hugombana na kahawa na hukatisha maziwa.

Iliki: nunua punje nzima

Nunua iliki yenye ganda la kijani, nzima, iliyofungwa. Chukua moja, ipasue kwa kucha. Ndani unataka mbegu nyeusi zilizoshikamana, zenye unyevunyevu wa mafuta, na ukitafuna moja ulimi uhisi ubaridi. Mbegu zikiwa za kijivu, zimetengana na zinachezacheza ndani ya ganda, hiyo imekaa dukani muda mrefu. Rangi ya ganda usiihukumu peke yake. Iliki inayoanikwa juani hupauka, na nyingi inayotoka milima ya Uluguru na Usambara haina ule ukijani wa iliki ya India au Guatemala, ila ukiipasua inanukia vizuri sana. Ninaiweka ya kwanza kwa sababu humfikia mnunuzi wa Dar au Tanga ingali mbichi kiasi, na bei yake ni nzuri ukinunua kwa kipimo badala ya pakiti.

Zinazofuata ni mbegu zilizokwisha kumenywa, ambazo hupoteza harufu haraka. Iliki nyeupe iliyosafishwa kwa dawa ni nzuri kwa macho, si kwa kahawa. Iliki ya unga usinunue: ganda na mbegu vimesagwa pamoja, mafuta yamekwisha kuruka, na vumbi lake hupita kwenye chujio. Iliki nyeusi ile kubwa, yenye moshi, ni ya pilau na mchuzi.

Viungo vingine viwe vichache. Mdalasini mwembamba wenye matabaka mengi, unaovunjika kwa vidole, ni bora kuliko ule mnene mgumu wa tabaka moja, ambao ukali wake hufunika waridi. Karafuu mbili kwa chungu kizima cha shira. Zafarani nyuzi chache, kama ipo. Tangawizi waachie wauza kahawa ya moto, maana kwenye baridi inabaki kuwasha tu, na waridi haisikiki tena.

Kahawa

Tafuta arabika iliyokaangwa wastani, rangi ya hudhurungi, isiyong'aa mafuta. Ikikaangwa mpaka ikawa nyeusi, uchungu wa kuungua huua ua. Kwangu mimi ya kwanza ni arabika ya Mbinga au Mbozi: ni tulivu, ina utamu wa chini, na inakubali maziwa. Ya Kilimanjaro iko karibu sana, ikiwa na uchachu kidogo zaidi. Ya Kenya, hasa ya Nyeri na Kirinyaga, ina uchachu mkali wa matunda. Inywe kavu na maji ya maua ya mchungwa, utaifurahia, lakini ukiitia maziwa mazito vitu viwili vinavutana. Herufi AA kwenye pakiti zinataja ukubwa wa punje, kwa hiyo usizilipie ukidhani zinataja ladha. Cha maana zaidi ni tarehe ya kukaangwa, na kahawa ambayo haijapita mwezi mmoja tangu ikaangwe ndiyo ya kununua. Walioko Ulaya na Marekani hupata kwa urahisi ya Yirgacheffe ya Ethiopia, ambayo yenyewe ina harufu inayokaribia asumini, hivyo marashi yapungue nusu.

Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wa kutosha kuvumilia tui la nazi na barafu inayoyeyuka. Ichanganye robo tu, robo tatu iwe arabika. Na kama huna muda wa kuloweka, Africafe ya kopo, inayotengenezwa Bukoba, ni chaguo la heshima: ikoroge kwa maji ya moto kidogo, iache ipoe, kisha endelea. Kahawa za bei kubwa sana za mashindano usizinunue kwa kazi hii, kwa sababu marashi na iliki vitafunika kile ulichokilipia.

Shira, maziwa, na kuunganisha

Sukari huyeyuka kwa shida kwenye baridi, kwa hiyo pika shira: kikombe kimoja cha sukari, kimoja cha maji, iliki nane zilizopondwa, karafuu mbili, kipande cha mdalasini. Ikichemka dakika tano, epua na uache ipoe na viungo ndani, ndipo uchuje. Marashi usiyatie ikiwa motoni, yataruka yote na mvuke.

Loweka gramu 100 za kahawa iliyosagwa nene, pamoja na iliki sita zilizopondwa, kwenye mililita 800 za maji baridi. Weka kwenye friji saa 14 hivi, kisha chuja mara mbili. Hiyo ni kahawa nzito. Kwenye glasi iliyojaa barafu tia mililita 120, vijiko viwili vya chakula vya shira, maji au maziwa mililita 60, na mwisho kabisa nusu kijiko cha chai cha marashi, juu, bila kukoroga sana. Anza na nusu. Kuongeza ni rahisi, kupunguza hakuwezekani.

Upande wa maziwa, tui zito la nazi lililokamuliwa siku hiyohiyo ndilo la kwanza, kwa sababu nazi na iliki zimezoeana tangu kwenye vyakula vyetu vingine. Maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake yote yanafuata. Maziwa mazito ya kopo yana utamu mwingi, basi yakiingia shira itoke. Kahawa nzito hukaa kwenye friji siku nne au tano bila kupoteza ladha. Tui lisikae humo, litiwe glasini.

Vifaa visikutoe jasho. Jagi lenye mfuniko, chujio la waya na kipande cha kitambaa cha pamba vinatosha. Pesa ikibaki, nunua kisagio cha mkono chenye meno kabla ya kile cha umeme chenye kisu, kwa sababu kisu hutoa unga na mawe kwa pamoja na kahawa huwa na matope. Ukiwa huna chochote, omba dukani wakusagie nene. Chupa ya marashi ikishafunguliwa iwekwe mahali penye giza, au kwenye friji. Na kitambaa cha kuchujia ukisuuze kwa maji ya moto peke yake, maana sabuni yenye manukato ikishaingia kwenye pamba, kahawa ya kesho itanukia hiyo.