GIMP 3 na picha za usiku: mistari ya taa ya Ubungo bila kulipia programu

Haya wadau, mambo vipi. Leo tunaichambua GIMP 3, ile programu ya bure ya kuediti picha, na siwasomei menyu mimi, nimeipa kazi moja ya kutoa jasho: flyover ya Ubungo pale Dar usiku, ile Kijazi ya ngazi tatu, na mistari ya taa za magari.

Kwanza upigaji, maana hakuna programu inayookoa picha mbovu. Tripodi ghorofa ya sita (mlinzi kanipa saa moja na nusu, nikamwachia ya soda), ISO 100 (kamera isiwe nyepesi sana kwa mwanga), f/11 (tundu la lenzi dogo), fremu za magari sekunde 15 kila moja. Fremu ya kwanza kabisa ni ya jua limeshazama ila anga bado ya bluu, na huku kwetu karibu na ikweta hiyo bluu haikai, ukishuka kununua chipsi umeikosa. Giza lilipoingia nikapiga nyingine 22 bila kuigusa kamera. Af zimeni ile setingi ya kamera ya kupunguza chenga (zile punje punje) kwenye picha za sekunde nyingi, maana kila fremu inaisubirisha kamera muda uleule tena, magari yanapita haioni, mistari inatoka imekatika katika kama mkufu uliochanika.

Sasa kwenye GIMP. Unafungua zote kama leya, yaani tabaka moja juu ya jingine, ya bluu chini kabisa, zile 22 juu yake. Hii GIMP 3 iliyotoka Machi 2025 unachagua leya zote kwa mpigo, zamani ilikuwa moja moja hadi kidole kinauma. Modi, yaani namna leya zinavyochanganyika, unaweka "Lighten only", basi. Kila nukta ya picha inashindanishwa na zilizo chini yake, yenye mwanga zaidi ndo inabaki, kwa hiyo lami inapotea na taa zinajiunga zenyewe. Na basi la mwendokasi likipita ni raha tupu, taa zake za ndani zinachora mkanda mnene juu ya mistari ya magari madogo.

Ila hiyo modi haichagui, chochote chenye mwanga inabeba. Chenga za fremu 22 zinarundikana, na lile wingu la rangi ya chungwa la taa za barabarani likapanda likaila bluu yangu yote. Hapa nilipoteza usiku mzima nikifuta leya moja moja, kumbe dawa ni kuziweka zote 22 kwenye kundi moja, kundi lenyewe unaliwekea "Lighten only", halafu maski moja tu (kifuniko, penye nyeusi panafichwa) kwenye kundi, unapaka nyeusi angani na kulainisha pale kwenye mapaa. Bluu ikarudi. Na rangi ukizichezea leo, toleo hili unaweza kurudi kesho ukazirekebisha bila kuanza upya, hiyo peke yake mi ingenifanya nihame toleo la zamani.

Inaponikera sasa. Faili za RAW, zile ghafi za kamera, haifungui yenyewe, lazima uwe na programu nyingine pembeni, darktable au RawTherapee. Na kupanga fremu zilizoyumba haiwezi kujipangia, mwishoni nilipiga tripodi teke kidogo, fremu mbili nje ya zile 22 zikatoa majengo mawili mawili, nikazitupa. Photoshop ingezipanga yenyewe, hapo tusidanganyane. Laptop yangu ya ramu GB 8 nayo feni ilikuwa inalia kama jenereta.

Kwa mtu anayepiga kwa tripodi imara mi nasema chukua GIMP, hela ya kulipia programu kila mwezi kanunue rimoti ya kamera.

Cheki picha yenyewe hii hapa. Mnauona huo mstari mmoja mwembamba unaokatiza kinyume na wenzake wote? Bodaboda huyo. Nilishika brashi nimfute, nikamwacha.