Mtungi wangu wa gesi ulivyonifikisha Wakala wa Vipimo, Tabora

Mkaa ulinichosha kwa moshi na bei, nikahamia gesi. Mtungi wa kilo 6 hapa kwangu Isevya ulikuwa unafika mwezi, maana maharage nayachemshia nje kwenye kuni. Mtungi wa tatu ukakata wiki ya pili, wali ukiwa bado unatokota. Mume wangu akasema watoto wanachezea jiko. Mimi nikalaumu mpira kwamba unavujisha. Wote tuliwasingizia.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu mmoja, fundi. Kwenye mtungi, karibu na kishikio, pamegongwa herufi TW na namba: huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Jumlisha kilo 6 za gesi, unapata uzito wa mtungi uliojaa. Nilipobadilisha tena, mtungi niliopewa ulisoma 7.8, yaani ukijaa uwe 13.8. Sikupitia nyumbani. Nilimwambia bodaboda anishushe mashine ya kusaga, wakaupandisha kwenye mizani: 12.1.

Nikarudi dukani. "Mama, ndivyo inavyokuja hiyo." Mizani hana, wakati muuza gesi anatakiwa awe nayo na ampimie mteja akiona. Ofisi niliyoanzia siitaji. Nilikalishwa benchi mpaka saa saba mchana, kisha njoo kesho. Hiyo kesho nikaenda Wakala wa Vipimo. Mawazoni mwangu wale walikuwa watu wa lumbesa (magunia yanayojazwa kupita kipimo) na mizani za wakulima tu, kumbe mtungi wa jikoni nao ni wao.

Niliulizwa maswali ya haraka: umenunua lini, risiti iko wapi, lakiri (ile inayofunga mdomo wa mtungi) umeshaikata? Risiti sikuwa nayo (nani huku anadai risiti ya gesi?). Lakiri ilikuwa haijaguswa, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Wakaupima wenyewe, wakaandika, tukaenda wote dukani. Mitungi mingine nayo ikapandishwa kwenye mizani waliyokuja nayo. Nikabadilishiwa siku hiyohiyo, na huduma yenyewe sikuilipia hata shilingi. Kama malalamiko yako ya gesi ni ya bei au ya leseni ya muuzaji, hayo ni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji.

Mitungi ya nyuma nimeipoteza, kwa sababu lakiri ikishakatwa huna cha kuonyesha. Halafu boda za kuzunguka na mtungi siku mbili ni hela ya mboga ya wiki. Kwa hiyo pima kabla hujaondoka dukani, na mizani yenyewe iangalie kama ina stika ya ukaguzi ya mwaka huu.

Baada ya hapo nikanogewa. Ilipoingia ile meseji yetu sote, "ile hela tuma kwenye namba hii", badala ya kuifuta niliipeleka 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli. Nikapiga na *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Ilinichukua dakika moja, na nikakuta laini niliyomsajilia mdogo wangu akiwa chuo, ambayo hata yeye alishaitupa.

Bado nanunua duka lilelile, ndilo la karibu. Siku hizi kijana wa pale akiniona tu nashuka kwenye boda, anavuta mizani kabla hata sijamsalimia.